Mama wa Ndoo

Tarehe tisa mwezi wa saba mwaka huu tulimpoteza dada Atupele. Aliugua siku chache huko Iringa alikokuwa akiishi na kufanya kazi, akaletwa Mbeya, tukamzika. Sitaandika habari za ugonjwa wake kwa sababu sizijui vizuri, na waliomuuguza wapo. Msiba ulipokwisha na vitu vyake kugawiwa, mimi nilipewa ndoo ya rangi ya ukutani, ile nyeupe ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Nilipoubandua mfuniko ilitoka harufu ya karatasi ya kahawia iliyokaa na mafuta ya alizeti kwa miaka mingi, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka tisa, nimesimama uani kwa mama mkubwa kule Ilomba, Mbeya, vidole vya miguu vimekufa ganzi kwa baridi.

Dada Atupele alikuwa binti wa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Mimi nilizaliwa Mgololo, ambako baba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Mama alipojifungua mdogo wangu alipata shida, akawa mtu wa kitandani kwa muda mrefu, ndipo baba akanipeleka kwa mama mkubwa. Aliniambia nitakaa wiki mbili. Mwaka ulikwisha nikiwa bado niko Ilomba. Sisemi hili kumlaumu baba, alikuwa na mgonjwa na mtoto mchanga nyumbani na zamu za usiku kiwandani. Nalisema kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa nilichokuja kukifanya.

Siku ya pili au ya tatu baada ya kufika, nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta dada Atupele amesimama peke yake karibu na kamba ya nguo. Mkono wake wa kulia ulipanda mpaka usawa wa bega ukakwama. Ukapanda tena kidogo, ukakwama. Shingo ikageuka kwa vipande vipande kama mlango uliovimba kwa mvua, na macho yalikuwa wazi bila kupepesa. Dirishani kulikuwa na redio ndogo inapiga, lakini mimi sikuisikia. Kule Mgololo nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani akishikwa na degedege, na nilikumbuka watu wazima walivyokimbilia maji. Basi nikabeba beseni la maji ya kuoshea vyombo nikammwagia lote, huku napiga kelele za kumwita mama mkubwa.

Mama mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimkuta binti yake ameloa chapachapa, jani la mchicha limemganda sikioni. Dada Atupele alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Mama mkubwa hakucheka. Alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Umeona? Hata mtoto mgeni amejua ni ugonjwa."

Haukuwa ugonjwa. Dada Atupele alinieleza baadaye, akiwa amejifunga khanga kavu anakunywa chai, kwamba ule ni uchezaji wa hip hop na wenyewe wanauita animesheni. Mchezaji anaufanya mwili wake uende kama katuni iliyochorwa picha moja moja, kila picha inasimama kidogo kabla ya nyingine kufika. Alikuwa na kundi la vijana waliokutana Jumapili mchana kwenye nyumba moja isiyokwisha kujengwa, wakishindana kuchana mistari ya rap na kucheza. Wasichana walikuwa wawili tu, na yule mwingine aliacha alipoolewa. Dada Atupele alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri. Alipata kazi kwenye steshonari ya hapo mtaani, kutoa kopi na kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu. Mama mkubwa alitaka ajifunze kushona na alikuwa ameshamtafutia cherehani. Cherehani ile ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa, nasi tuliizoea tukawa tunawekea daftari juu yake.

Kwenye kompyuta ya steshonari ndiko alikoona jinsi katuni zinavyotengenezwa. Aliniambia kwamba kama mwili unaweza kumwiga mtu wa kuchorwa, basi mtu wa kuchorwa naye anaweza kuuiga mwili. Akaamua kutengeneza filamu fupi. Ingekuwa na mtu mmoja tu, mama anayekwenda bombani na ndoo kichwani. Akirudi na maji anausikia mdundo, anaanza kucheza animesheni barabarani, na hadi anafika nyumbani hakuna tone lililomwagika. Juu ya picha hizo angechana mistari mwenyewe. Mistari ya mwanzo naikumbuka kwa sababu aliirudia kila akifua:

Niko Ilomba, baridi inapenya hadi kwenye mfupa,
bomba likigoma leo, kesho ndoo nachukua.

Karatasi tulikuwa nazo. Baba kila alipopata nafasi ya kuja alileta furushi la mabaki, ile karatasi ya kahawia waliyoruhusiwa kuchukua kiwandani. Mama mkubwa alizikata akafungia vitumbua alivyokuwa akiuza asubuhi pale nje kwenye kona. Vilikuwa vitumbua vya mchele wa Chimala na watu walivifuata kutoka mbali. Tatizo la karatasi ile kwa mchoraji ni kwamba haionyeshi kitu upande wa pili, na katuni haitengenezwi bila kuiona picha iliyotangulia. Dada Atupele alipata dawa yake kwenye vitumbua hivyohivyo. Aliona karatasi ikishika mafuta inapitisha mwanga. Basi akawa anachora picha moja kwa kalamu nzito ya wino mweusi, mimi naipaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, tunaibandika kwenye kioo cha dirisha, halafu juu yake anaweka karatasi kavu. Jua likiwa kali, mistari ya chini ilijitokeza juu kama mishipa mkononi. Anaifuata, lakini anasogeza kidogo, upana wa kijiti cha kiberiti.

Kazi yangu ilikuwa mafuta, kuanika kwenye kamba kwa vibanio, na kuandika namba pembeni. Mwanzoni nilifikiri yule mama ni mmoja, na kwamba anahama karatasi hadi karatasi kama mpangaji. Kila dada Atupele alipobandua picha ya zamani nilikuwa naichungulia kuona kama kweli ameondoka. Alikuwa bado yupo. Hilo lilinisumbua sana mpaka siku aliponirundikia picha kumi mkononi akanionyesha kuzipitisha kwa dole gumba haraka, na yule mama akainua mguu. Niliziangusha zote. Nikaziokota nikarudia, nikarudia, hadi mama mkubwa akaniita mara tatu kwenda kuteka maji.

Siku chache baadaye aliniachia nichore moja. Nilimchora mama wa ndoo anavyokimbia, mistari ya upepo nyuma yake. Dada Atupele aliitazama vizuri, hakunicheka. Alisema, "Usichore anakokwenda, Sekela. Chora alipofika. Kwenda atakwenda mwenyewe." Nimekuja kukumbuka neno hilo mara nyingi katika maisha yangu, ingawa tangu utoto ule sijachora tena, nafanya kazi kwenye vitalu vya miche ya miti. Picha niliyochora mimi baada ya hapo ni ya kumi na nne. Ina mguu mnene kuliko mingine.

Picha zote zilikuwa tisini na sita. Zilichukua miezi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ukungu. Kuna wiki Ilomba jua linatoka saa saba na kuzama kwenye mawingu saa tisa. Mama mkubwa alilalamikia mafuta. Alisema nyumba nyingine mafuta yanaliwa, kwake yanachorwa.

Halafu kikaja kile kikaratasi. Mtu alikileta steshonari kitolewe kopi. Kilisema kituo kimoja cha vijana Iringa kinatafuta watu wa kujifunza kutengeneza filamu fupi kwa miezi sita, na mwombaji atume kazi yake isiyozidi dakika moja kwenye memori kadi, ifike kabla ya Jumamosi fulani. Dada Atupele alitoa kopi za yule mteja na moja ya kwake. Aliikunja akaitia kwenye soksi, akanionyesha mimi tu. Lakini nyumba ya vyumba viwili haina siri, na mama mkubwa akajua. Hakugomba. Alisema Iringa ni mbali na kwamba filamu si kazi, akaifuta vumbi ile cherehani.

Mpango ulikuwa hivi. Mwenye steshonari alikuwa na simu ya kupangusa yenye kamera nzuri, na alikubali kumwazima dada Atupele Alhamisi mchana peke yake. Angepiga picha moja moja uani, jioni ileile aziunganishe kwenye kompyuta ya kazini, na Ijumaa asubuhi kadi iende na basi la Iringa. Ijumaa ikipita, nafasi ilikuwa imepita.

Jumatano tukiwa kitandani nilimuuliza kama wakimkubali ataniacha. Akasema, "Miezi sita tu, mdogo wangu. Nitarudi." Aliniambia kwa upole, akalala. Mimi nilibaki kupiga hesabu. Baba alisema wiki mbili na ukawa mwaka mzima. Mwezi una wiki nne, miezi sita ni wiki ishirini na nne, na ishirini na nne zina mbili mara kumi na mbili. Kwa hiyo dada Atupele angerudi baada ya miaka kumi na miwili. Nilihesabu mara mbili kwa vidole nikapata vilevile. Nilikuwa mzuri wa hesabu, na sikuona kosa popote.

Asubuhi ya Alhamisi wateja walikuwa wengi, kulikuwa na baridi ya kuuma na watu walitaka kitu cha moto. Dada Atupele alishakwenda kazini. Karatasi za kufungia ziliisha pale kwenye kona, mama mkubwa akaniambia nikimbie ndani nilete nyingine, zipo chini ya kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na mafurushi mawili. La kwanza lilikuwa la karatasi kavu alizoleta baba. La pili ni picha tisini na sita, zimefungwa kamba ya mkonge.

Ningependa kuandika kwamba nilichanganya. Mafurushi hayakufanana. Moja lilikuwa zito na linanuka alizeti, na namba ni mwandiko wangu. Nililifungua kamba, nikalibeba, nikampa mama mkubwa mkononi, nikachukua mfuko wangu wa daftari nikaenda shule.

Yaliyotokea saa nne nimeyasikia kwa dada Atupele mwenyewe, aliyasimulia mara nyingi na kila mara aliongeza chumvi. Alikuwa anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa fundi Daudi, fundi pikipiki. Fundi alikuwa amesimama anakula, akasema, "Dada, vitumbua vya kwenu siku hizi vina katuni." Dada Atupele akageuka akamwona mama wa ndoo kwenye kiganja cha fundi, namba kumi na saba, kitumbua kimemkalia kifuani. Aliiacha mashine inaunguruma.

Mimi nilitoka shule mchana nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani. Mbele yake kulikuwa na picha thelathini hivi ambazo hazikuwa zimetumika. Simu ya bosi wake ilikuwa mapajani. Alimuuliza mama mkubwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani alitoa karatasi chini ya kitanda.

"Mimi," alisema mama mkubwa. "Nilidhani ni za kufungia. Zilikuwa na mafuta, nikajua zimeshatumika."

Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Nilifikiri amesahau kwamba ni mimi niliyezileta, kwa sababu ya wingi wa wateja, na nilishukuru kwa kusahau kwake. Dada Atupele alimtazama mama yake kidogo, halafu akanitazama mimi, halafu akasimama. "Haya," akasema. "Simu ninayo mpaka jioni. Sekela, vaa viatu."

Tulianza na fundi Daudi. Alikuwa chini ya pikipiki, na namba kumi na saba ameitandika chini aweke nati. Dada Atupele aliiomba. Fundi akagoma. Alisema amenunua kitumbua na karatasi yake, na huyu mama wa ndoo anamletea bahati, tangu amweke hapo hajapoteza nati hata moja. Walibishana kwa utani, mafundi wengine wakachochea. Mwishowe dada Atupele akamwambia basi asiitoe, aishike tu hivyo alivyo, amwelekezee. Akampiga picha, karatasi ya kahawia katikati ya vidole vyeusi vya grisi. Akaitazama ile picha kwenye kioo cha simu. Aliitazama kwa muda mrefu mpaka fundi akauliza kama ametoka vibaya.

Kuanzia hapo hakuomba tena karatasi kwa mtu yeyote. Alisema, "Shika. Inua kidogo. Usicheke." Mimi niliandika namba kwenye daftari la hesabu. Mama Zuhura wa duka la khanga, ambaye wazee wake walitoka Kilwa na ambaye humwita kila mtu mwanangu, alikuwa na tatu. "Mwanangu, picha chukua utakavyo, ila kitumbua niachie, bado nusu," alisema, akazishika kwa ncha za vidole vyenye hina, kitumbua kikiwa mdomoni. Mtoto wake alikuwa ameshailamba namba arobaini na mbili mpaka ndoo imefifia. Tuliipiga picha hivyohivyo. Nilichoogopa ni shule, kwa sababu mwalimu wangu alinunua vitumbua sita kila Alhamisi. Tulimkuta ofisini amezikunjua zote sita mezani, amezipanga kwa namba. Hakuuliza tumefuata nini. Aliuliza kama tunayo ishirini na tatu, maana hapo mguu unaruka na hajaelewa.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala tuliporudi nyumbani. Pamoja na zile ambazo hazikutumika, ambazo mimi na majirani tulizishika wenyewe, tulikuwa na sabini na moja. Zilizobaki zilikuwa zimewashiwa majiko, zimekwenda na mabasi, sijui. Ishirini na tano. Kuchora tena kusingewezekana, dirisha lilikuwa na saa moja ya mwanga, pengine chini ya hapo.

Dada Atupele alilisoma daftari langu, akafuatisha kwa kidole namba zisizokuwapo. Kisha akavua sweta, akajifunga khanga kama mama wa ndoo, akanipa simu.

Nilimwambia sijui kupiga picha. Alinionyesha pa kubonyeza na akasema nikae palepale nisisogee hata kukiwa na nyoka, na kabla ya kubonyeza nizuie pumzi. Akachukua ndoo tupu akaiweka kichwani. Halafu akaishusha akaenda kuijaza. Alisema bila maji itakuwa uongo. Akasimama mbele ya ukuta, nikamsomea namba ya kwanza iliyopotea, naye akaukumbuka mkao wa picha ile na kuingia ndani yake, akakwama. Kiwiko juu, goti nje, vidole vimetanuka. Nikabonyeza. Namba inayofuata. Akasogea upana wa kijiti cha kiberiti, akakwama. Uleule uchezaji ulionifanya nimmwagie maji, sasa niliuona kwenye kioo kidogo, picha kwa picha, nikaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akijifunza kuchora, na kuchora ndiko kulikomfundisha kucheza. Maji yalikuwa ya baridi sana. Yalimwagika, tofauti na hadithi. Yalimchuruzika shingoni na hakupepesa.

Mama mkubwa alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ameikunja. Nilijua atasema jambo na nikaogopa. Alitazama namba mbili au tatu zikipita. Kisha akasema, "Nyoosha shingo. Nani anabeba ndoo hivyo?"

Dada Atupele akanyoosha shingo. Mama mkubwa akasogea, akamrekebisha bega kwa mikono yake yenye unga, akarudi nyuma, akamtazama kama anavyotazama kitumbua kama kimeiva. Kwenye picha tano za mwisho lile bega lina alama nyeupe ya vidole.

Ziliunganishwa jioni ileile pale steshonari kabla hawajafunga, picha nane kwa kila sekunde, zimerudiwa na kurudiwa kufuata mdundo. Mama wa kuchorwa anaanza kutembea kwenye mikono ya grisi, anaendelea kwenye mikono ya hina, kwenye mikono ya chaki, mara anakuwa mtu mzima mwenye damu na mwili ukutani kwa mama mkubwa, mara anarudi kuwa wino. Mwenye steshonari aliitazama mara nne akasahau kudai simu yake. Ijumaa asubuhi kadi ilifungwa ndani ya kipande cha karatasi ya kahawia, likaandikwa jina, akapewa kondakta wa basi la Iringa.

Walimkubali. Siku ya kuondoka sikwenda stendi, nilijificha nyuma ya cherehani. Alirudi miezi sita ilipotimia, siku mbili pungufu, akanikuta nafua soksi. Nilimwangalia mpaka akaniuliza kama nimemsahau. Ndipo nilipojua kwamba hesabu yangu haikuwa sawa, au kwamba ilikuwa sawa kwa baba peke yake. Mwaka uliofuata mama akapata nguvu nikarudishwa Mgololo, na dada Atupele akapata kazi Iringa ya kupiga video za harusi na za kipaimara. Aliendelea nayo mpaka mwisho. Hakuwa mtu maarufu. Jumamosi alifundisha watoto wa mtaani kwake kutengeneza katuni kwa karatasi na simu, na wanne kati yao, wakubwa sasa, walikuja kumzika.

Miaka yote hiyo sikumwambia. Nilipata nafasi nyingi. Tulionana Krismasi, tulipigiana simu, mara mbili nililala kwake. Kila alipowasimulia watu kisa cha fundi Daudi nilicheka pamoja nao, na aliponitazama katikati ya kicheko nilitazama pembeni. Naamini alikuwa anajua. Siwezi kuthibitisha.

Ndani ya ndoo niliyopewa kulikuwa na zile picha zisizotumika, ambazo bado zina mafuta, na bahasha yenye memori kadi. Siku ya tatu baada ya watu kutawanyika nilikuwa bado Ilomba. Mama mkubwa hauzi vitumbua tena, miguu haimruhusu. Tulikuwa tumekaa uani kwenye jua la asubuhi, ukuta ni uleule, umepakwa rangi. Nikaona kama nitaondoka bila kusema nitakuwa sina tena mtu wa kumwambia. Nikasema, "Mama mkubwa, zile karatasi za Alhamisi ile, nilikuletea makusudi. Sikutaka aende."

Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Zilikuwa na picha, Sekela," alisema. "Nilifungua ya kwanza nikamwona yule mama na ndoo yake. Unadhani sikumjua? Nilimwona miezi yote hiyo dirishani." Akaweka kiazi kwenye maji. "Nikamfungia mtu kitumbua. Nikachukua ya pili."

Akamenya kimoja kingine. Kisha akaniuliza kama ile kadi inasoma. Niliitia kwenye simu yangu, nikasogeza kigoda karibu naye, nikaishika simu juu ya sufuria ya viazi ili kivuli kisiharibu kioo. Sauti ya dada Atupele ikaanza, ya msichana wa miaka ishirini, Ilomba, baridi, mfupa. Mikono ya fundi ikapita, ya Mama Zuhura ikapita. Halafu akatokea mwenyewe ukutani, ndoo kichwani, amekwama, akasogea, akakwama, maji yanamchuruzika, na bega likapata alama nyeupe za vidole. Filamu ikaisha. Mama mkubwa alijifuta mikono kwenye khanga, akakigusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Nirudishie pale aliponyoosha shingo," akasema.

Nikarudisha.